Gari Limetengenezwa kwa Maneno: Utatuzi wa Matatizo Pale Fununu Inapochukua Nafasi ya Kipimo

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye ufundi wa magari methali hiyo imewaponza wengi. Mtu anasikia kwamba injini za aina yake "shida yake ni hedi tu", yaani kile kifuniko cha chuma juu ya silinda, anafungua hedi, analipa, anafunga, na gari linachemsha vilevile kama jana. Kumbe kilichokufa ni feni.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo: ameshaambiwa mengi, pengine ameshanunua spea mbili tatu, na hajui tena amwamini nani. Dalili nilizozipanga hapa chini ni dalili za matengenezo yaliyoongozwa na maneno. Ninachokishikilia ni kwamba kauli kuhusu gari inafaa kuaminiwa pale inapokuambia imepimwaje, kwenye injini ipi, na ni matokeo gani yangeonyesha kuwa si kweli. Aliyesema ni nani na amesema kwa kujiamini kiasi gani, hayo yatafuata.

Dalili: spea mpya imefungwa, tatizo liko palepale

Chanzo kinachojirudia kuliko vyote ni msimbo wa skana, kifaa kinachosoma kumbukumbu za kompyuta ya gari, kusomwa kama jina la spea. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya kuanzia 2001, yanalazimika kuwa na mfumo mmoja wa kutunza misimbo ya hitilafu, na watengenezaji wa kwingine wakafuata. Ni msaada mkubwa. Lakini msimbo hutaja hali iliyoonekana na kompyuta ya gari. Hautaji cha kununua.

Chukua P0171. Maana yake: upande wa kwanza wa injini, mchanganyiko una hewa nyingi mno ikilinganishwa na mafuta. Basi. Neno linalozunguka ni kwamba "P0171 ni sensa ya oksijeni", na sensa nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo. Sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa. Kuing'oa ni kumfukuza shahidi.

Kipimo chenyewe hakihitaji kufungua hata skrubu moja. Skana ya kawaida yenye uwezo wa kuonyesha data wakati injini inanguruma itakuonyesha asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza: moja ya muda mfupi, nyingine ya muda mrefu. Jumlisha hizo mbili. Zikiwa ndani ya kama kumi juu au chini ya sufuri, hali ni ya kawaida. Sasa angalia injini ikinguruma bila wewe kukanyaga mafuta, kisha iangalie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika.

Ikiwa bila kukanyaga inasoma, tuseme, jumlisha ishirini, halafu ukipandisha mizunguko inashuka karibu na sufuri, tafuta hewa inayoingia kwa kuvuja baada ya sensa ya hewa: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi, paipu iliyochomoka. Hewa ya tundu dogo ni sehemu kubwa ya hewa yote wakati injini iko chini, na ni kitu kidogo sana injini inapovuta kwa nguvu, ndiyo maana namba inashuka. Ikiwa kinyume chake namba inapanda kadiri unavyoilazimisha injini, mafuta hayatoshi au hewa haihesabiwi vizuri: pampu dhaifu, chujio lililoziba, sensa ya hewa yenye uchafu. Dakika chache za kusoma namba zimegawanya orodha ndefu katikati, na hujanunua kitu.

Mfano mwingine ni wa koili, kile kinachozalisha umeme wa cheche za plagi, nao unaonyesha namna ya kuzungumza na fundi bila kumvunjia heshima. Injini inamisi, skana inasema P0302, yaani silinda ya pili inakosa moto.

"Fundi, samahani, umejuaje ni koili?"

"Bosi, gari hizi koili zinakufa sana."

"Sawa fundi. Basi naomba tuitoe ya silinda ya pili tuiweke kwenye ya tatu, tufute msimbo, tuzunguke kidogo."

Msimbo ukirudi kama P0303, koili imehukumiwa kwa haki, tatizo limehama nayo. Ukirudi P0302 ileile, koili haina hatia. Hamisha plagi, kisha nozeli, kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Fundi mzuri hachukii ombi kama hilo. Wengi wao hulifanya bila kuombwa. Na tazama kwamba maneno ya fundi hayakuwa upuuzi: koili kweli hufa, na uzoefu wake ulituelekeza pa kuanzia. Uzoefu hupanga foleni ya vipimo. Hauvifuti.

P0420 nao una historia ya namna hii. Unasema katalisti, ile mitaani wanayoiita masega, haisafishi moshi kama inavyotakiwa. Kabla ya kuilaumu hakikisha ekzosti haivuji mbele ya sensa, na kwamba hakuna silinda inayomisi. Injini inayomisi hupeleka mafuta yasiyoungua kwenye katalisti na kuichoma. Ukifunga mpya bila kuondoa chanzo, mpya nayo itaungua. Ndiyo sababu taa ya injini inayowaka na kuzima kwa kumetameta ni amri ya kupunguza mwendo papo hapo, tofauti na ile iliyotulia.

Dalili: taa ilizimwa, wote wakafurahi, ikarudi

Kufuta msimbo hakutengenezi kitu. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba kufuta kunaharibu ushahidi.

Msimbo unapotunzwa, kompyuta hutunza pamoja nao hali ya gari ya wakati ule: mizunguko ya injini, joto la maji, mwendo, mzigo. Taarifa hiyo inakuambia kama hitilafu ilitokea gari likiwa la baridi asubuhi au likipanda mlima. Ukibonyeza kufuta, inapotea pamoja na matokeo ya ukaguzi wa ndani ambao gari hujifanyia lenyewe likiendeshwa. Na kwa kuwa misimbo mingi haiwashi taa mpaka hitilafu ionekane kwenye safari mbili zinazofuatana, siku mbili bila taa hazithibitishi chochote. Hapo ndipo fununu zinapozaliwa: mtu amechomoa betri, taa imezima siku mbili, ametangaza dawa.

Utaratibu: piga picha misimbo yote na hali iliyotunzwa kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe cha kufuta. Ukikuta gari lililofutwa tayari, liendeshe mpaka skana ionyeshe kwamba ukaguzi wa ndani umekamilika, kisha ndipo uongee kuhusu kupona.

Dalili: gari linachemsha, na kila mtu ana jibu lake

Hapa ndipo maneno ni mengi kuliko vipimo, na hasara zake ni kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kauli iliyoenea kuliko zote: "toa thamostati, maji yapite huru." Imetolewa kwa nia njema kwa vizazi. Thamostati, valvu inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, hufunguka kwenye joto ambalo mtengenezaji amelichagua, mara nyingi kati ya nyuzi 82 na tisini na kitu. Ukiitoa, injini hukaa chini ya joto lake la kazi. Kompyuta huendelea kuona injini ya baridi na kumwaga mafuta zaidi, oili haipati joto la kuondoa unyevu, na magari mengi yatakuletea msimbo P0128. Zaidi ya hapo, kuna injini ambazo thamostati yake hufanya kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, huziba ile njia fupi ya maji kurudi kwenye injini. Kwenye injini hizo ukiitoa, njia fupi inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa, na gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo. Watu wakiona hivyo husema maji "yamepita kwa kasi mno, hayakupata muda wa kupoa." Si kweli. Yamepita njia isiyo na rejeta.

Kwa nini basi wengine huapa kwamba iliwasaidia? Kwa sababu thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa kweli huchemsha gari. Waliokuwa na tatizo hilo walipona, wakasimulia. Wenye rejeta iliyoziba walipata nafuu ya muda, nao wakasimulia kabla nafuu haijaisha. Waliopoteza injini hawakuunganisha mambo hayo mawili. Thamostati hujaribiwa kwa kuitumbukiza kwenye maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto, uangalie inafunguka nyuzi ngapi. Namba yake mara nyingi imepigwa muhuri juu ya chuma chake.

Swali la maana kuliko yote kwenye gari linalochemsha ni: linachemsha lini? Kama ni kwenye foleni tu, na likishika mwendo sindano inashuka, upepo ndio unaokosekana. Nenda kwenye feni, fyuzi yake, rilei yake, sensa inayoiamuru. Kama ni kwenye mwendo mkubwa au mlima, na kwenye foleni liko salama, upepo upo lakini uwezo wa kupooza haupo: rejeta iliyoziba ndani au kwenye mapezi yake, pampu ya maji iliyolika, mpira wa chini unaonywea. Kama kulanti (maji ya kupoozea injini) inapungua na hakuna tone chini, na mipira ya rejeta inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, shuku gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Halafu kuna kofia ya rejeta, kitu kidogo ambacho sijasikia mtu akikitaja kwanza. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 yakiwa wazi huchemka karibu nyuzi 120 yakiwa chini ya shinikizo la ziada la bar 1, na kofia ndiyo inayoshika shinikizo hilo. Springi yake ikichoka, maji yanachemka mapema na kumwagika, ilhali injini yenyewe haina ugonjwa. Kuna pampu ndogo ya mkono ya kupimia kofia na mfumo mzima. Gereji inayofanya kazi za rejeta inapaswa kuwa nayo. Kwa sababu hiyohiyo ya shinikizo, kofia haifunguliwi injini ikiwa moto. Mvuke ule huondoa ngozi ya uso.

Dalili: umeonyeshwa ushahidi kwa macho, lakini ushahidi una maana mbili

Fununu ngumu kuliko zote kuivunja ni yenye chembe ya ukweli. Mfano: utando mweupe kama maziwa mazito chini ya kifuniko cha oili. "Umeona? Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya hedi imekwenda." Na kweli gasketi iliyokufa inaweza kuleta utando huo. Lakini gari linaloendeshwa safari fupi fupi, hasa kipindi cha baridi, hukusanya unyevu wa hewa mahali palepale kwa sababu oili haifikii joto la kuukausha. Macho yanaona kitu kimoja, sababu ni mbili.

Kwa hiyo tafuta kipimo kinachotenganisha sababu hizo. Chomoa kijiti cha oili: kama oili yenyewe ni safi na ni kifuniko tu chenye utando, unyevu unashukiwa zaidi. Angalia kulanti kama inapungua. Kisha kuna kipimo cha gesi: kimiminika cha bluu kwenye chupa inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta, kinachogeuka njano kikikutana na gesi iliyoungua kwenye injini ya petroli. Ongeza kipimo cha shinikizo la mfumo wa maji na kompresheni ya kila silinda. Vikikubaliana, fungua hedi bila wasiwasi. Hedi iliyofunguliwa kwa ajili ya utando wa kifuniko ni kazi kubwa iliyofanywa kwa ushahidi mdogo, na hainirudishii usingizi nikifikiria ni ngapi zimefunguliwa hivyo.

Moshi nao ni hivyohivyo. Mweupe ni maji, wa bluu ni oili, mweusi ni mafuta mengi: kanuni hiyo ni nzuri kuanzia. Ila mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi unaopotea injini ikipata joto ni kawaida, na injini ya dizeli inaweza kutoa moshi mweupe kwa mafuta yasiyoungua, bila tone la kulanti.

Dalili: betri mpya, staata mpya, injini bado inazunguka kivivu

Hapa chanzo ni kwamba waya hauna sifa mbaya mitaani. Betri ina sifa mbaya, staata ina sifa mbaya, zinabadilishwa. Waya wa arthi, ule mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini, hakuna anayemsema.

Shika multimita kwenye volti za DC. Kwanza betri ikiwa imepumzika saa kadhaa: 12.6 ni imejaa, 12.2 ni kama nusu, 12.0 imekwisha karibu yote. Sasa mtu apige staata na wewe usome palepale juu ya betri. Ikianguka chini ya 9.6 au karibu, betri ni dhaifu au staata inakula kupita kiasi. Lakini ikibaki, tuseme, 11.5 huku injini inazunguka kwa shida, umeme upo na haufiki. Hamisha nyaya za multimita: moja kwenye nguzo hasi yenyewe ya betri, juu ya risasi, si juu ya kibano, nyingine kwenye chuma safi cha injini. Piga staata tena. Waya mzuri utasoma kama 0.2 au pungufu. Ukisoma volti 1 au 2, umemkamata. Mara nyingi ukifungua ile boliti ya arthi unakuta unga wa kijani au kutu chini ya ringi, unasugua kwa sandapepa, unakaza, na staata inazunguka kama mpya. Fanya jaribio lilelile upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri mpaka boliti ya staata.

Kauli moja ya hatari inaishi jirani na hapa: "kujua kama alterneta inachaji, chomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, ikizima, alterneta mbovu." Kwenye magari ya zamani sana yasiyo na kompyuta ilifanyika. Leo, betri ndiyo inayotuliza umeme wa alterneta; ukiichomoa ghafla volti zinaruka juu kwa muda mfupi na zinaweza kuua kompyuta ya gari. Multimita juu ya betri, injini ikinguruma, ikisoma kati ya 13.5 na 14.7, kwa magari mengi imekujibu swali hilohilo bila hatari yoyote.

Dalili: ushauri ni wa kweli, ila si wa gari lako

Aliyekushauri hakudanganya. Alikuwa anaongea kuhusu injini nyingine.

"Badilisha mkanda wa taimingi ukifika kilomita laki moja" ni neno la busara kwa mwenye Toyota yenye injini ya 4A-FE, kwa sababu ina mkanda. Mwenye 1NZ-FE hana mkanda wa kubadilisha. Injini yake ina cheni. Wote wawili watakuambia wanaendesha Corolla. Jina la nyuma ya gari halitoshi. Andika msimbo wa injini, mwaka, na namba ya chesisi, na umpe kila unayemuuliza. Kumbuka pia kwamba namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, iliyowekwa kuwa kawaida Marekani kuanzia modeli za 1981, haipo kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Hayo yana namba fupi ya chesisi, na katalogi yake ya spea hutafutwa kwa namba hiyo. Mwongozo wa gari la soko jingine unaweza kufanana na lako kwa sura na kutofautiana kwenye sensa, nyaya na hata gredi ya oili.

Oili inastahili neno. "Oili nzito ndiyo inayolinda injini" ni kauli ya zamani inayoendelea kutembea. Injini nyingi za sasa hutumia presha ya oili kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, kupitia njia nyembamba. Oili nzito kuliko iliyoandikwa huchelewesha kazi hiyo na inaweza kuleta msimbo. Injini ileile inaweza kuandikiwa gredi tofauti kwenye vitabu vya masoko tofauti kutokana na joto la mahali, kwa hiyo fuata jedwali la kitabu cha gari lako na hali ya hewa unamoendesha.

Na namba isiyo na kipimo chake ni fununu hata ikitoka kwenye kitabu. "Kaza nati za magurudumu mia." Mia nini? Kwa Toyota nyingi ndogo mwongozo huandika 103 N·m. Ukazaji huohuo ni 1,050 kwa kgf·cm, na ni 76 kwa ft·lbf. Mtu akikaza 103 kwenye spana iliyowekwa ft·lbf, amepitiliza kiasi kwa zaidi ya theluthi moja, na stadi (boliti zinazoshika gurudumu) zinaanza kuvutika. "Elfu tano" za kubadilisha oili nazo zinaweza kuwa kilomita au maili, na tofauti yake ni kilomita elfu tatu.

Dalili: tatizo limeanza baada ya matengenezo

"Usibadilishe oili ya gia boksi la otomatiki, limezoea ile chafu, ukiweka mpya litakufa." Angalia mpangilio wa matukio. Gia zinaanza kuteleza. Mwenye gari anakumbuka kwamba hajawahi kubadilisha oili. Anabadilisha kama jaribio la mwisho. Wiki chache baadaye boksi linakufa. Lilikuwa linakufa tayari. Oili mpya ilifika kwenye mazishi ikapewa lawama ya kifo.

Kuna ukweli pembeni: oili isiyo ya aina iliyoandikwa inaweza kweli kuharibu, hasa kwenye maboksi ya CVT (yasiyo na gia za hatua) ambayo yana oili yake maalumu, na kusukuma oili kwa presha kwenye boksi lenye uchafu mwingi kunaweza kuhamisha uchafu huo mpaka kwenye valvu. Kwa hiyo kabla ya kugusa, andika hali: je, linateleza sasa? Oili ina rangi na harufu gani? Harufu ya kuungua na chembe nyeusi zinasema krachi za ndani zimeshalika. Ujazo hupimwa kwa joto na utaratibu wa mwongozo, kwani boksi mbalimbali hupimwa tofauti, mengine injini ikinguruma.

"Mafuta machafu" ndiyo lawama nyingine ya aina hii. Inajaribiwa kirahisi: chota mafuta kutoka kwenye mfumo, weka kwenye chupa ya kioo, yaache yatulie. Petroli au dizeli ikiwa na maji, maji yatakaa chini na mstari utauona.

Kauli ambazo hazijaribiwi kwa kujaribu

Kuna mambo ambayo jaribio likishindwa hakuna nafasi ya pili. Breki ni la kwanza. "Oili ya breki ikipungua ongeza oili yoyote nyembamba" ni kauli inayoua: oili ya asili ya petroli hutanua na kuozesha mipira ya mfumo wa breki, na kanyagio litakwenda chini siku usiyoitarajia. Oili za breki za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja, ingawa kilichoandikwa kwenye kifuniko ndicho cha kufuata. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo, hata kama namba yake inaonekana kama ngazi inayofuata.

Mifuko ya hewa: usiweke multimita ya kawaida kwenye kifyatuzi chake, umeme mdogo wa kipimo unaweza kukilipua. Magari ya haibridi: nyaya za rangi ya chungwa hubeba volti zinazoweza kuzidi 200, na baada ya kuzima mfumo bado kuna umeme uliotunzwa, mwongozo wa gari husika hutaja muda wa kusubiri na mpangilio wa kuzima. Kwa haya matatu chanzo ni kimoja tu, mwongozo wa ufundi wa gari hilo, mikononi mwa aliyefundishwa kuusoma.

Dalili: barabarani linazima, gereji linafanya kazi vizuri

Tatizo linalokuja na kuondoka hulisha fununu kuliko lolote, kwa sababu kila kinachofanywa kinaonekana kimefaulu mpaka litokee tena. Usikubali spea ibadilishwe wakati gari ni zima. Andika kila linapotokea: injini ilikuwa ya moto au ya baridi, tangi lilikuwa na kiasi gani, ulikuwa unakanyaga au umeachia, lilizima ghafla kama umezima swichi au lilikosa nguvu kwanza likakohoa, na lilichukua muda gani kuwaka tena.

Maelezo hayo yana uzito. Kuzima ghafla injini ikiwa ya moto, kisha kuwaka baada ya kupoa, kunaelekeza kwenye umeme, na sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa shafti ya injini, ni mmoja wa washukiwa. Kukosa nguvu taratibu kunaelekeza kwenye mafuta, na hapo geji ya presha ya mafuta inafungwa na kuachwa mpaka tatizo lirudi. Beba skana ndogo ndani ya gari. Likizima na kukataa kuwaka, iunganishe hapohapo kabla halijapoa, mwambie mtu apige staata, na uangalie mizunguko ya injini kwenye kioo chake. Staata ikiwa inaizungusha injini na skana inasoma sufuri, ishara ya krenki haifiki kwenye kompyuta: kagua plagi ya waya wake na waya wenyewe kwanza, kisha sensa. Ikisoma mia moja na kitu au mia mbili, sensa hiyo inafanya kazi wakati huo, na unaenda kutafuta cheche na presha ya mafuta.